Kidole Tumbo Hakijui Karantini

Sogeeni, wajukuu. Leo sina sungura wala fisi. Nina kidole tumbo.

Chini ya tumbo, upande wa kulia, pale utumbo mpana unapoanzia, kuna kijifuko chembamba kinachoning'inia kama mkia wa mjusi. Siku zote kimetulia, hata hujui kama unacho. Lakini kina tundu dogo mno. Likizibwa na kinyesi kilichokauka, au nyama zake zenyewe zikivimba, vijidudu vilivyomo huzaliana, nacho kikafura na kujaa usaha. (Mbegu za mapera mnazotishiwa nazo? Ni mara chache mno. Kuleni mapera yenu.)

Maumivu yake yana tabia ya kuhama. Huanzia kitovuni, ukadhani ni mchango tu. Mtoto anasusa chakula, hata chipsi. Anatapika. Baada ya saa kadhaa maumivu yanateremka chini kulia na kupiga kambi huko. Hapo kila mtikisiko ni adhabu. Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza waliwauliza watu wazima waliofika hospitali wakiumwa tumbo: gari lilipopita kwenye matuta, mliumia zaidi? Kati ya 34 waliokutwa na ugonjwa huu, 33 walisema ndiyo. Matuta ya barabarani yakawa kipimo, jamani! Ndiyo maana daktari anaweza kukwambia uruke kwa mguu mmoja, kumbe mwenyewe anakutazama uso.

Sasa twendeni Italia, Machi 2020. Korona imeingia, hospitali za kaskazini zimefurika. Usiku wa tarehe 9 waziri mkuu, Giuseppe Conte, akatangaza kwamba nchi nzima ikae nyumbani. Watu wakatii. Hospitali tano zilipohesabu watoto walioletwa idara ya dharura mwezi ule, idadi ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 70 ukilinganisha na miaka miwili ya nyuma. Mafua yalipungua kweli, maana shule zilifungwa. Kidole tumbo, lakini, hakiambukizwi darasani. Chenyewe kiliendelea na kazi yake.

Jiwekeni mahali pa mama wa mtoto. Anashika paji la uso, lina joto. Anawaza: nikimpeleka, si atarudi na korona? Ngoja tuone kesho. Kesho ikazaa keshokutwa. Na ugonjwa huu una hila moja mbaya: kidole tumbo kikipasuka, maumivu huweza kupoa kwa muda. Mtoto anasinzia, nyumba nzima inashusha pumzi. Kumbe usaha umeshamwagika tumboni. Baadaye homa inapanda na tumbo linakakamaa, halishikiki.

Kipindi hicho cha korona, hospitali kadhaa za Israel na Marekani zilieleza kwamba watoto wengi kuliko kawaida walifika kidole tumbo kikiwa kimeshapasuka. Upasuaji ambao mtoto angelazwa siku moja au mbili ukageuka wiki nzima ya dripu.

Mimi siwalaumu wale wazazi. Amri iliwafikia nusu. Waliambiwa kwa sauti kubwa wakae ndani. Lini watoke, waliambiwa kwa kunong'onezwa. Na tusisahau kwamba korona yenyewe iliwaumiza baadhi ya watoto tumbo na kuwapa homa, hata madaktari wakapata kazi ya kutofautisha.

Wadogo zenu wa miaka miwili mitatu hawana maneno ya kueleza, ndiyo maana vidole tumbo vyao hupasuka zaidi. Ninyi mnayo. Basi maumivu ya tumbo yakianza kitovuni yakahamia kulia, mwamshe mkubwa usiku huohuo, hata kama redio inasema watu wasitoke. Mwambie yalianza saa ngapi, wapi, na sasa yako wapi. Akitaka kukukanda tumbo au kukupa dawa ya kukufanya uharishe, mwambie: hapana, twende hospitali.