Kabla ya Kununua Hisa, Mpime Kiongozi

Wanunuzi wengi wa hisa huuliza bei ya leo na gawio la mwaka jana. Ni wachache wanaouliza kampuni inaongozwa na nani. Bei hueleza yale ambayo soko limekwisha kuyajua. Kiongozi ndiye atakayeamua yatakayofuata, na fedha zako zimo mikononi mwake.

Chukua mfano wa Equity ya Kenya, iliyoanza mwaka 1984 ikitoa mikopo ya nyumba. Kufikia 1993 ilikuwa imelimbikiza hasara ya shilingi milioni 33, ilhali mtaji uliolipwa ulikuwa milioni 3 tu. Zaidi ya nusu ya mikopo ilikuwa hailipwi kwa wakati, na amana za wateja zilitumika kulipia gharama za uendeshaji. Benki Kuu iliihesabu kuwa imefilisika. Katika hali hiyo ndipo Peter Munga, mmoja wa waanzilishi, alipomwita James Mwangi kusimamia fedha.

Yaliyofuata yanatuonyesha sifa tatu za kiongozi bora.

Kwanza, husema ukweli wa hesabu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kazi ya kuiokoa Equity ilianza kwa kukubali kwamba biashara ya mikopo ya nyumba ilikuwa imeshindikana.

Pili, humjua mteja wake. Equity iliwageukia wakulima, wachuuzi na wenye maduka madogo, watu ambao benki kubwa hazikuwataka. Iliwapa mikopo midogo, na magari yake yakawafuata vijijini kupokea akiba.

Tatu, huwafanya walio karibu naye washiriki faida na hasara. Wafanyakazi na wateja walihimizwa kununua hisa. Aliyehudumu dirishani akawa analinda mali yake mwenyewe.

Matokeo yanajulikana. Mwishoni mwa 2004 Equity ikawa benki kamili ya biashara, na Agosti 2006 hisa zake ziliingia Soko la Hisa la Nairobi. Baadaye ilivuka mipaka hadi Uganda, Rwanda, Tanzania na Kongo.

Hata hivyo, mwekezaji asilewe sifa za mtu mmoja. Kampuni inayomtegemea mtu mmoja kwa kila uamuzi hubeba hatari kubwa siku akiondoka. Kwa hiyo soma taarifa ya mwaka: je, mwenyekiti anaeleza hasara waziwazi, au analaumu hali ya hewa na serikali kila mwaka? Mikopo isiyolipika inapungua? Wakurugenzi wenyewe wana hisa? Nani yuko tayari kushika usukani?

Mkutano mkuu wa mwaka ukiitishwa, nenda ukaulize. Mwenye hisa 100 ana haki ya kuuliza sawa na mwenye milioni. Kiongozi anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kukujibu.