Kompyuta ya Zamani na Mtandao wa Nyumbani Usio na Waya

Huduma nyingi ambazo hapo awali zilimlazimu mkazi kufunga safari hadi ofisini sasa huombwa kwa njia ya mtandao. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, nafasi za kazi serikalini kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mkopo wa elimu ya juu kupitia mfumo wa Bodi ya Mikopo. Jina la biashara nalo husajiliwa BRELA bila mwombaji kutoka Tabora. Simu ya mkononi hutosha kwa baadhi ya mambo hayo, lakini fomu ndefu na viambatisho vyake hujazwa kwa urahisi zaidi kwenye kompyuta. Mara nyingi kompyuta iliyopo nyumbani ni ya zamani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika au kuachwa na ndugu, na siku ya kuunganishwa na mtandao hukataa. Wengi huhukumu kwamba imekufa, ilhali tatizo huwa dogo na hutatuliwa nyumbani bila gharama kubwa.

Lugha moja kati ya vyombo viwili

Kifaa kinachosambaza mtandao nyumbani, ambacho wengi hukiita rauta, hupokea intaneti kutoka kwenye laini ya simu au waya wa mtoa huduma, kisha huitawanya kwa mawimbi ya redio. Ndani ya kompyuta mna kadi ndogo yenye antena ya kupokea mawimbi hayo. Ili vyombo hivi vielewane, sharti viwe na lugha moja. Jambo hili si geni Tabora. Katika karne ya 19, misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipokutana hapa, mpagazi Mnyamwezi na mfanyabiashara wa pwani walielewana kwa Kiswahili. Rauta mpya hujua lugha nyingi. Kompyuta ya zamani hujua zile za wakati ilipoundwa tu. Kazi ya mwenye nyumba ni kutafuta lugha ya pamoja iliyo salama.

Hatua ya kwanza: kadi imewashwa?

Kompyuta mpakato nyingi za zamani zina swichi ndogo ubavuni au mbele ya kuwashia na kuzimia mtandao. Nyingine hutumia kitufe chenye alama ya antena kwenye safu ya juu ya kibodi, kikibonyezwa pamoja na kile cha Fn. Vidole vya mtoto au msuguano wa begi hutosha kuizima bila mwenyewe kujua. Kabla ya hatua nyingine yoyote, swichi hiyo itazamwe.

Mtandao hauonekani kabisa

Ikiwa simu inauona mtandao wa nyumbani na kompyuta haiuoni, sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni masafa. Rauta za sasa hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Kadi nyingi zilizotengenezwa miaka ya 2000 hupokea gigahezi 2.4 pekee. Rauta iliyopangwa kurusha gigahezi 5 tu haitaonekana kwao hata ikiwekwa mezani kando yao.

Sababu ya pili ni namba ya mkondo. Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika mikondo, na kadi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida husikiliza mkondo wa 1 hadi wa 11. Rauta ikijichagulia mkondo wa 12 au wa 13, kompyuta iliyotoka huko haitausikia. Mkondo wa 1, 6 au 11 ni chaguo salama.

Mabadiliko haya hufanywa kwenye ukurasa wa mipangilio ya rauta. Anwani ya ukurasa huo, pamoja na jina na nywila ya kuingilia, kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya rauta. Simu iliyokwisha kuunganishwa hutosha kuufungua.

Mtandao unaonekana lakini unakataa nywila

Hapa ndipo palipo na hatari, na wengi huipita bila kuitambua. Nywila ikiwa sahihi na kompyuta bado inakataa, huenda tofauti iko katika aina ya ulinzi. Ulinzi wa kwanza, WEP, ulitoka miaka ya 1990. WPA ilifuata mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004 na WPA3 mwaka 2018. Rauta iliyopangiwa WPA3 pekee haitaelewana na kompyuta ya mwaka 2010.

Suluhisho ni kuchagua WPA2, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, ambao huipa kila kompyuta lugha inayoiweza. Kisichofaa ni kurudi kwenye WEP au kuondoa nywila kabisa ili kompyuta moja iridhike. Udhaifu wa WEP ulifichuliwa mwaka 2001, na leo mtu mwenye programu ya kawaida huivunja kwa dakika chache. Anayelegeza ulinzi kwa ajili ya kompyuta moja hulegeza mlango wa nyumba nzima, zikiwamo simu zinazobeba fedha za familia. Bando nalo huliwa na wasiojulikana. Zaidi ya hayo, laini iliyomo ndani ya rauta imesajiliwa kwa alama za vidole. Mpita njia akitenda kosa kupitia mtandao huo, uchunguzi unaweza kuanzia kwa mwenye laini. Kompyuta isiyoweza hata WPA2 iunganishwe kwa njia nyingine zilizoelezwa hapa chini.

Imeunganishwa, lakini tovuti hazifunguki

Bando likiwa halijaisha, tazama tarehe na saa za kompyuta. Ndani yake mna betri ndogo ya mviringo mithili ya sarafu, ambayo hutunza saa wakati umeme haupo. Betri hiyo ikichakaa, kila umeme unapokatika kompyuta ya mezani hurudi nyuma miaka mingi. Tovuti salama huthibitishwa kwa hati zenye tarehe ya kuanza na ya kuisha; kompyuta inayodhani ni mwaka 2008 huiona kila hati kuwa batili na kugoma kufungua ukurasa. Kurekebisha tarehe hutatua tatizo kwa siku hiyo, na kubadilisha betri hulitatua kwa muda mrefu. Kompyuta nyingi hutumia betri ya aina ya CR2032.

Kadi ikiwa imeharibika

Zipo njia tatu. Ya kwanza ni waya wa mtandao kutoka kwenye rauta hadi kwenye kompyuta. Rauta nyingi za nyumbani zina tundu lake, na waya hauhitaji masafa wala nywila. Ya pili ni kuunganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, kisha kuruhusu simu igawe intaneti yake. Ya tatu ni kununua kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Mnunuzi asome kwanza kwenye boksi kama kinakubali mfumo endeshi wa kompyuta yake, na programu yake ipakuliwe mapema kwenye flashi, kwa kuwa kompyuta isiyo na mtandao haiwezi kujipakulia.

Kuta na bati

Mawimbi hupungua nguvu kila yanapopenya ukuta, na ya gigahezi 5 hupungua upesi zaidi. Ukuta mnene wa udongo, kama ule wa tembe la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, huyadhoofisha sana. Bati nalo huyarudisha. Rauta iwekwe juu ya kabati, katikati ya nyumba, mbali na friji na mabati.

Umri una mipaka yake

Kuunganishwa hakumaanishi kuwa salama. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye mfumo ulioachwa ifae kwa kuandika na kusoma. Shughuli za benki zifanywe kwenye kifaa kinachopata masahihisho. Mifumo myepesi ya Linux, ambayo hutolewa bure, huweza kuihuisha mashine ya zamani. Rauta yenye mtandao wa wageni nayo huwezesha kompyuta hiyo kutengwa na vifaa vingine.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Hatua hizo zikishindikana, mkazi aandike mambo manne kwenye karatasi: jina na namba ya toleo la kompyuta, mfumo endeshi wake, aina ya ulinzi na masafa yaliyopangwa kwenye rauta, na maneno kamili ya onyo linalotokea kwenye kioo. Fundi mwenye maelezo hayo hupunguza kazi ya kubahatisha, na mwenye kompyuta ataweza kuuliza kwa uhakika analipia nini.