PICHA ZA ALUMINI UKUTANI: BROOKLYN IPO, BEIT AL-AJAIB IKO WAPI?

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo, tuongelee ukuta. Ndiyo, ukuta wa sebule.

Kuna zile picha zinazong'aa, hazina fremu wala kioo, ukizigonga kwa kidole zinalia kama sahani. Hizo zimechapwa kwenye bamba la alumini. Nilizokutana nazo mimi kwenye mahoteli ya pwani hii ni za kazi kubwa za wahandisi: Brooklyn Bridge la New York, mnara wa Eiffel wa Paris. Nzuri, sibishi. Ila nina swali. Kabla ya swali, tuelewe kwanza kitu chenyewe.

INATENGENEZWAJE?

Kama umewahi kuona kikombe chenye picha ya bibi harusi kwenye sendofu, basi teknolojia unaijua tayari. Picha inachapwa kwenye karatasi maalumu kwa wino maalumu, tena kinyumenyume, kama unavyojiona kwenye kioo. Karatasi inalazwa juu ya bamba la alumini lenye utando mwembamba wa plastiki, halafu vyote vinabanwa kwenye mashine yenye joto la kama nyuzi 200. Hapo wino unageuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka, unapenya ndani ya utando. Bamba likipoa, wino umekwama humo humo.

Ndiyo maana picha ya kweli haibanduki kwa kucha. Ikianza kubanduka kwenye kona, ujue umeuziwa stika iliyobandikwa juu ya bati. Na wino huo hauna rangi nyeupe kabisa. Mawingu meupe unayoyaona ni weupe wa utando wenyewe.

PWANI KUNA CHUMVI JAMANI

Sisi wa huku upepo wa bahari tunaujua. Bati la chuma la kawaida halichukui muda linaanza kutu. Alumini ina ujanja wake: ikikutana na hewa inajitengenezea ngozi nyembamba inayoilinda. Lakini ukiitundika kwa skrubu za chuma cha kawaida, hewa ya chumvi inafanya metali hizo mbili zilane. Tumia skrubu za stenlesi. Acha nafasi nyuma ya picha ili hewa ipite, na usiiweke juani, maana rangi itapauka.

Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa usiipigie misumari kwa nyundo, plasta itamwagika yote. Toboa kwa drili, taratibu. Na kama jengo ni la urithi, kama yale ya Mji Mkongwe wetu wa Bagamoyo, waulize watu wa mambo ya kale kabla hujatoboa chochote.

SASA SWALI LENYEWE

Brooklyn Bridge lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1883. Mwaka huo huo wa 1883, ng'ambo ya maji hapo Unguja, Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, jumba lililozungukwa na vibaraza vilivyobebwa na nguzo za chuma. Lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, na baadaye likapata lifti. Ndiyo maana likaitwa Nyumba ya Maajabu.

Brooklyn bado linavusha watu. Beit al-Ajaib je? Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Na tusiwacheke Waunguja. Boma letu hapa Bagamoyo, la Wajerumani la mwaka 1897, nalo lilipoteza sehemu yake kwenye mvua za El Niño za 1997/98.

Jengo likishaanguka, mtu wa kulijenga upya anategemea vipimo, michoro na picha. Wewe unayo? Mimi naona picha nyingi za zamani zimo kwenye madroo ya watu, zinaliwa na mchwa na ukungu. Bamba la alumini mchwa hawaliwezi.

MWAKA, MWAKA, MWAKA

Ila picha isiyo na mwaka ni pambo tu. Angalia Beit al-Ajaib hiyo hiyo. Picha za kabla ya Waingereza kuipiga Zanzibar mizinga tarehe 27 Agosti 1896 zinaonyesha mnara umesimama peke yake mbele ya jumba. Za baadaye, mnara umeungana na jumba. Za baada ya Desemba 2020, mnara haupo. Jengo moja, sura tatu. Kwa hiyo chapa mwaka na mahali pale chini kwenye kona, na faili la asili, lile ambalo hujachezea rangi, litunze sehemu mbili tofauti.

KWA VIJANA WENZANGU

Hii inaweza kuwa dili. Kwa picha ya sentimita 60 kwa 40 unahitaji kama pikseli 3,500 kwa 2,300, maana yake nukta 150 kwa kila inchi. Picha iliyorushwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa, itatoka na ukungu. Omba faili lenyewe, au njoo nalo kwenye fleshi. Picha ya mtu mwingine omba ruhusa, hakimiliki ina sheria yake hapa nchini.

Na vitu vya kupiga vipo: Boma, Caravanserai, magofu ya Kaole. Daraja la zamani la Wami kwenye barabara ya Chalinze–Segera, lile la njia moja la mwaka 1959, lilipokewa kazi na daraja jipya mwaka 2022. Ni madereva wangapi wana picha yake? Mtalii akitaka mnara wa Eiffel atauona kwao. Akija Bagamoyo muuzie Bagamoyo, tena yenye mwaka.

Mdau, kama nyumbani kuna picha ya zamani ya daraja, reli, gati au jengo la pwani hii, tuandikie hapo chini ni ya nini na ya mwaka gani. Mzee aliyeipiga au anayeikumbuka muulize leo leo, msisubiri mpaka msibani.

Nawasilisha.