Injini za 4A na 5A: sura moja, pistoni mbalimbali

WAFANYABIASHARA wa vipuri na wenye teksi wanaifahamu vyema familia ya injini A ya Toyota. Ndiyo iliyofungwa katika Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990 zilizoletwa Afrika Mashariki zikiwa zimekwishatumika Japani. Kuanzia maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, hadi Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, si ajabu mteja kuambiwa kuwa 4A na 5A ni kitu kimoja. Kwa baadhi ya vipuri kauli hiyo ni kweli. Kwa vingine ni hasara tupu, na anayeibeba hasara hiyo ni yule aliyekwisha kulipa.

Namba zinasema nini

Herufi A ni jina la familia. Tarakimu inayoitangulia hutenganisha ndugu wa familia hiyo. Haionyeshi ukubwa wala ubora. Ndiyo maana 5A ni ndogo kuliko 4A, ingawa wanunuzi wengi hudhani kinyume. Herufi E mwishoni, kama katika 4A-FE na 5A-FE, huonyesha kuwa petroli huingizwa kwa mfumo wa elektroniki. Injini ya 5A-F, isiyo na E, hutumia kabureta.

Sasa tazama vipimo. Katika injini zote mbili pistoni husafiri milimita 77 kutoka chini hadi juu. Tofauti iko katika upana wa silinda: 4A ina milimita 81, na 5A ina milimita 78.7. Ukipiga hesabu kwa silinda nne, 4A inapata cc 1587 na 5A cc 1498. Tofauti yote ya injini hizi imetokana na milimita 2.3 za upana.

Vinavyooana na visivyooana

Kutokana na hesabu hiyo, kanuni ni rahisi kukumbuka. Kipuri kinachogusa upana wa silinda hakibadilishani. Kipuri kilicho mbali na silinda mara nyingi hubadilishana.

Katika kundi la kwanza zimo pistoni, ringi na gasketi ya silinda hedi. Pistoni ya 5A ndani ya bloku ya 4A itacheza, na ya 4A haitaingia kabisa katika 5A. Kwa gasketi, tundu lisiwe dogo kuliko silinda, kwani ukingo wake utabaki ndani ya moto na kuungua. Silinda hedi nayo isinunuliwe kwa kulinganisha matundu ya bolti pekee. Hakikisha imetoka katika injini ya namba ileile.

Katika kundi la pili zimo mkanda wa taimingi, wota pampu, oili pampu, beringi kubwa za krenki, sili za valvu na filta ya oili. Hata hivyo Toyota ilifanya marekebisho miaka ilivyokwenda, hivyo mkanda uhesabiwe meno na pampu ilinganishwe na ile ya zamani kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Mwenye duka asimsahau ndugu wa tatu, 7A-FE ya cc 1762. Huyu ana silinda ya milimita 81 sawa na 4A, lakini pistoni zake husafiri milimita 85.5. Bloku yake ni ndefu zaidi kwenda juu, kwa hiyo krenki, konrodi na mkanda wa taimingi ni vyake peke yake.

Mtego wa boksi

Namba ya kipuri cha Toyota huwa na tarakimu 10. Tano za mwanzo hutaja aina ya kipuri tu: 13011 ni seti ya ringi, 13101 ni pistoni, 11115 ni gasketi ya silinda hedi, na 13568 ni mkanda wa taimingi. Zile tano za mwisho ndizo zinazosema kipuri ni cha injini ipi. Muuzaji anayekuonyesha kuwa maboksi mawili yote yameandikwa 13011 amekuthibitishia jambo moja tu, kwamba ndani mna ringi.

Angalia pia alama ya ukubwa. STD ni kipimo cha kiwandani. Alama ya 0.50 ni ya bloku iliyochongwa, yaani 4A iwe milimita 81.5 na 5A iwe 79.2. Hata 5A iliyochongwa hadi 1.00 inafika milimita 79.7 tu, bado haijaikaribia 4A. Kwa hiyo hoja kwamba injini imekwisha kuchongwa, basi ringi za 4A zitafaa, haina msingi.

Kabla ya kulipa

Anayenunua injini iliyotumika asitegemee kifuniko cha juu, kwa sababu kifuniko huhamishwa kwa dakika chache. Asome namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe. Huanza na 4A, 5A au 7A. Kwa Corolla zilizotengenezwa kwa soko la Japani, namba ya chasisi nayo husaidia: AE100 na AE110 zilitoka na 5A, AE101 na AE111 zilitoka na 4A. Lakini gari la zamani huenda limekwisha kubadilishiwa injini, hivyo bloku ndiyo shahidi wa mwisho. Namba hiyo ilingane na iliyo kwenye kadi ya gari. Isipolingana, mabadiliko yaandikishwe kwanza ndipo gari linunuliwe.

Kwa mwenye duka, ushauri ni kupanga mtaji kwa makundi yale mawili. Mkanda, pampu na beringi zinazooana huhudumia wateja wa injini zote mbili, hivyo huzunguka haraka. Pistoni, ringi na gasketi ziwekwe rafu mbalimbali, kila moja na kipimo chake, na ziagizwe kwa idadi ndogo. Kaliperi moja juu ya kaunta ni gharama ndogo kuliko seti za ringi zinazorudishwa zikiwa zimekwisha kupakwa oili.