Simba wa Kuazima, Mamba wa Nyumbani

Ukitoka Likoni ukashika barabara ya Lungalunga, ukaipita Diani, ukaipita Gazi na Msambweni, kisha ukakata kushoto kuelekea baharini, utaishia Bodo. Njia inakomea pale pale kwenye mikoko, mahali mashua zinaposubiri maji yajae ziwavushe watu kwenda kisiwa cha Funzi. Mgeni akifika maji yakiwa yametoka hana budi kukaa barazani angoje. Ndivyo ilivyonifika mimi, na katika kungoja huko nikatumbukia katika shauri ambalo halikuwa langu.

Vijana wa mpira walikuwa wamechanga pesa zao wenyewe, kidogo kidogo, wengine kwa samaki, wengine kwa kazi za mahoteli ya Diani, hata wakapata jezi. Fundi wa kuchapa maandishi yuko Ukunda, na fundi anataka jina. Jina lenyewe hawana. Kundi moja lilishikilia Simba, kwa kuwa wao ni wapenzi wa klabu ya Dar es Salaam, na mechi zake hawazikosi. Kundi la pili likataka Chui. Walikuwa wameshabishana mpaka sauti zimewakauka.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu pembeni akainua kichwa. "Simba mmemwona wapi nyinyi?" Kisha akaongeza neno lililowanyamazisha: kwamba mtoto wa Kiislamu ameletwa duniani akapewa jina zuri siku ya saba, akaadhiniwa masikioni, na leo aende kujiita kwa jina la mnyama mla mizoga! Vijana wakanigeukia mimi. "Ami, wewe umesoma chuoni. Hebu sema."

Kusema kweli kisomo changu ni cha juzuu na fimbo, cha mkekani, lakini swali hili lilikuwa na jibu ambalo hata mwanafunzi wa mkekani analo. Nikamwambia mzee, kwa adabu, kwamba simba ameingia katika majina yetu zamani sana, kabla ya mpira kujulikana. Hamza bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume (S.A.W.), aliitwa Asadullah, Simba wa Mwenyezi Mungu. Sayyidna Ali alipotoka Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, kumkabili yule shujaa wa Kiyahudi, alijitaja kwa jina alilopewa na mama yake, Haidara, na maana yake ni simba. Waarabu wana majina mengi mno ya mnyama huyu, na sisi tumeyapokea pasi na kuuliza: Abasi ni simba, Usama ni simba, Haidari ni simba, Laith ni simba. Fahadi je? Huyo naye ni wa ukoo wa chui na duma. Nikawauliza vijana majina yao. Katika kikosi chao akina Abasi walikuwa wawili, Hamza mmoja, Fahadi mmoja. "Basi mnagombania nini?" nikawaambia. "Nusu ya mbuga iko humu tayari!"

Wakacheka. Mzee naye alicheka, ila hakushindwa, kwa maana wazee wa pwani hawashindwi upesi. Akaniuliza: "Na Hamza alilipa nini kwa jina lile?" Hapo nikanyamaza mimi. Hamza alikufa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, kwa mkuki wa Wahshi. Jina la simba alilitolea damu yake.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe, ndugu msomaji. Sisi tumezoea kufikiri kuwa jina la mnyama mkali ni pambo, kama kofia ya sikukuu. Kumbe ni deni. Kiko kisa mashuhuri, kimo katika Bukhari, cha babu yake Said bin al-Musayyib. Mtu huyu aliitwa Hazn, yaani ardhi ngumu yenye mawe. Mtume akamwambia awe Sahl, ardhi laini tambarare. Akakataa, akasema hatabadili jina alilopewa na babake. Said baadaye akasimulia kwamba ugumu ule haukuwatoka tena katika ukoo wao. Mwenye kujiita asubiri kudaiwa.

Tazama hao Simba wenyewe wa Dar es Salaam. Klabu ilianzishwa mwaka 1936, na kabla ya kuwa Simba ilipitia majina ya Kizungu matupu: Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, mji ambao mtu wa Msimbazi hakuwa na haja nao. Mwaka 1971, miaka kumi baada ya uhuru wa Tanganyika, ndipo ikachukua jina la Kiswahili lililo na mngurumo. Tangu hapo mashabiki humwita Mnyama, bila ya kutaja mnyama gani. Lakini deni nalo likaanza kuhesabiwa. Mwaka 1993 Mnyama alifika fainali ya Kombe la CAF. Akatoka sare bila kufungana kule Abidjan, na watu wakajiandaa kwa sherehe. Akaja akafungwa mabao 2 kwa 0 nyumbani, Dar es Salaam, na Stella ya Ivory Coast. Stella maana yake ni nyota. Mwaka 2025 akafika tena fainali, hii mara ya Kombe la Shirikisho, akapoteza 2 kwa 0 kwa Berkane ya Morocco, na mechi ya marudiano kule Amani, Unguja, ikaisha 1 kwa 1. Kwa haki, timu kufika fainali mbili za Afrika si jambo dogo, na katika ukanda wetu huu wengi wanalitamani hilo. Ila mtu akijiita Mnyama, watani wake humngojea mlango wa nyuma. Nao ndio hao wamwitao Mikia, na yeye akawajibu Yanga kwa kuwaita Vyura. Haya, Sura ya Hujurat, aya ya 11, imetukataza kuitana kwa lakabu mbaya, na sijui Jumamosi ya mechi ile aya huwa inakwenda wapi.

Wa pili ni Chui. Hapa Kenya hakuna chui mkubwa kuliko wa AFC Leopards. Klabu ya Abaluhya, iliyoundwa mwaka 1964, ililazimika mwaka 1980 kuliacha jina lake wakati serikali ilipokataza timu kuitwa kwa makabila. Wakajificha nyuma ya chui. Lakini wapenzi wao hawakusema chui wala Leopards. Walisema Ingwe, chui kwa lugha yao, na kwa hivyo kabila lililotolewa mlangoni likarudi kwa dirishani, lina madoa na makucha. Deni lao walililipa vizuri: ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati waliuchukua mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Na langoni mwa Chui hao, katika miaka ile, alisimama nani? Mahmoud Abbas, yule tuliyekuwa tukimwita Kenya One, mdaka penalti. Nilipowatajia hilo, Abasi mmoja wa Bodo, mlinda lango, akakaa wima. Simba aliyelinda lango la chui.

Lakini kisa kinachonistaajabisha zaidi ni cha Kongo. Rais Mobutu alikuwa havui kofia ya ngozi ya chui, na timu ya taifa zama zake ikawa ni Chui. Walikuwa wakali kwelikweli: kombe la Afrika walilitwaa 1968, wakalitwaa tena 1974, na mwaka huo huo wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Kule Ujerumani Magharibi wakafungwa 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia, na 3 na Brazil, wao hawakupata hata moja. Kisha Mobutu akaanguka mwaka 1997, akaingia Kabila, ambaye ujanani alikuwa pamoja na waasi wa mashariki ya Kongo walioitwa Simba, wale wa mwaka 1964. Timu nayo ikageuzwa, ikawa Simba. Miaka ikapita, ikarudi tena kuwa Chui. Wachezaji ni watoto wale wale wa mitaa ile ile. Mnyama ndiye aliyekuwa akibadilishwa kila ikulu inapopata mwenyewe mpya.

Nisije nikaonekana nasema ya bara tu. Pwani yetu nayo ilikuwa na Simba wake mwenye kiti. Sultani Ahmed wa Witu, aliyefariki mwaka 1889, alijulikana kwa jina hilo la Simba, na alikuwa amekimbilia katika msitu wa Witu akakataa kumtii Sultani wa Unguja. Lakini timu zetu za mpira hazikupenda sana makucha. Feisal ya Mombasa, iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, ilikuwa na jina la mtu. Bandari ina jina la kazi.

Mzee mshona nyavu alikuwa kimya muda mrefu, nyuzi mdomoni. Sasa akasema: "Hao wote wana wanyama wao. Sisi wetu ni nani?"

Hapo nikawahadithia Ngazija. Ndugu zetu wa Komoro, Waislamu kama sisi, wanaosema lugha ambayo mtu wa Bodo akitega sikio anaipata, hawakuazima simba wala chui. Walijiita kwa samaki, gombesa, yule samaki wa kale mwenye mapezi mfano wa miguu, ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani mamilioni ya miaka, mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Komoro wao walikuwa wakimjua siku zote. Hata kwetu Malindi alinaswa mmoja mwaka 2001. Gombesa si mkali. Hakuna mtu amekimbia gombesa. Lakini Januari 2022, katika fainali zao za kwanza za Kombe la Afrika, walikutana na Ghana wakaifunga 3 kwa 2, wakaitoa mashindanoni. Wakapangiwa Cameroon, wenyeji, wanaojiita Simba Wasiofugika.

Sikiliza mkasa. Kipa wao mmoja ameumia, wengine wawili wamepatikana na korona. Hapana kipa. Wakamtia golini beki wao wa kushoto, Chaker Alhadhur, mtu mfupi, akavaa jezi ya kipa iliyobandikwa namba yake. Dakika ya 7 wakatolewa mtu mmoja kwa kadi nyekundu. Kumi kwa kumi na moja, bila kipa, mbele ya simba na uwanja wa simba. Ulimwengu ulingoja mabao kumi. Wakafungwa mawili tu. Na dakika ya 81 Youssouf M'Changama akaupiga mpira wa adhabu kutoka mbali, ukaenda ukaingia juu ya pembe ya lango. 2 kwa 1. Usiku ule nje ya uwanja watu wanane walipoteza maisha yao katika msongamano, Mungu awarehemu, na hilo lilitia msiba katika mchezo wote. Lakini Alhadhur mimi simsahau. Siku ile samaki alimpa simba kazi.

Baraza likatulia. Ndipo kijana mmoja mdogo, wa kupokea maagizo ya sigara na majani ya chai, akasema neno ambalo wakubwa wake wote hawakulisema: "Mamba."

Msomaji asiyejua pande hizi nimjulishe kwamba mto Ramisi unamwaga maji yake katika ghuba hii ya Funzi, na mamba wamo. Wageni huchukuliwa kwa mashua wakawatazame wameota jua kwenye matope. Lakini mvuvi hawatazami kwa ada ya utalii. Mzee aliposikia neno lile uso ulibadilika. Akasema mamba si wa mzaha, aliye na jirani mbaya halitaji jina lake kila saa, kama vile usiku tunavyomwita nyoka kamba. Mwengine akadakia: msafara wa mamba na kenge wamo, na yeye anawajua kenge wa timu hii ni akina nani! Kicheko kikawa kikubwa, na beki mmoja wa kulia akainama.

Wakanitaka, kwa kuwa ni mshairi, nitie neno. Nikajaribu papo hapo, msinihukumu:

Mwaniita Simba nani, simba sijapata mwona,
Mimi wa mtoni chini, na mamba tunajuana,
Yeye huota juani, mimi nyavu nazishona,
Jina nipe la nyumbani, la kuazima hapana.

Mzee akasema mstari wa tatu ni wake, nimemwibia. Kweli nimemwibia. Akasema pia kwamba yeye hajakubali, ila kama watoto watajiita mamba, basi na wakabe kama mamba, wasije wakafungwa na timu ya Funzi halafu yeye akachekwa ndani ya mashua mwaka mzima. Akina Simba walinung'unika. Akina Chui wakasema watafikiri.

Maji yalikuwa yamejaa, nahodha ananiita. Fundi wa Ukunda alishapigiwa simu akaombwa angoje mpaka Jumamosi. Abasi mlinda lango akanisindikiza mpaka penye mashua, amenibebea mkoba, na tulipofika akaniuliza kwa sauti ya chini mamba kwa Kiarabu ni nani. Nikamwambia timsahi. Akalirudia mara mbili, akaangalia kando ya mto, akanipa mkono.