Waulizwao Mahali, Wasioulizwa Tena

Mimi ni mzamiaji wa Amu; riziki yangu ni kamba wa miambani. Huko chini hukutana na vigae, nanga na mbao kuukuu. Sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inatutaka tutoe taarifa, na kuchimbua bila leseni ni kosa.

Sababu yake naikubali. Mbao zilizolowa karne nyingi zikikauka ghafla hupasuka. Merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama Mombasa mwaka 1697. Ilipochimbuliwa kwa utaratibu kuanzia 1977, vitu vilipimwa mahali pake.

Wazee wa kisiwa cha Pate husimulia merikebu ya Kichina iliyovunjika karibu na Shanga, na wataalamu wa Kenya na China walianza kuitafuta mwaka 2010.

Kinachoniuma katika tafiti kama hizi ni hiki: mtafiti mmoja alichota kwangu maelezo yote, kisha akaniacha ufukweni, ripoti sikuiona. Watafiti huja bahari ikitulia, sisi tupo kusi na kaskazi. Tufundishwe kupima na kupiga picha majini, tulipwe kwa kulinda mabaki, na majina yetu yaandikwe ripotini.