Nani Humwendea Nani Shida Ikiingia

Mwaka 2000, katika kijiji cha Nyakatoke mkoani Kagera, kaya zote 119 ziliulizwa swali ambalo sensa haiulizi: ni akina nani mnaoweza kuwategemea kwa fedha, kwa vitu au kwa nguvu za mikono, na ni akina nani wanaowategemea ninyi? Nyakatoke ni kijiji cha Wahaya, wakulima wa ndizi na kahawa, na mtafiti aliyehusika na kazi hiyo, Joachim De Weerdt, alizifuatilia kaya hizo kwa awamu kadhaa ndani ya mwaka huohuo. Majina yaliyotajwa yakageuzwa kuwa ramani. Kila kaya ikawa nukta, na kila palipotajwa uhusiano kati ya kaya mbili pakachorwa mstari. Huo ndio msingi wa taaluma ya uchambuzi wa mitandao ya kijamii, taaluma iliyozaliwa miongo mingi kabla ya Facebook na WhatsApp. Sasa tuhesabu. Kaya 119 zinaweza kufanya jozi 7,021. Mistari iliyochorwa Nyakatoke ilikuwa 490, yaani katika kila jozi 100 za kaya, jozi 7 tu ndizo zenye uhusiano wa kufaana, na kila kaya kwa wastani ina kaya nyingine nane za kuziendea. Wataalamu huita kipimo hiki msongamano wa mtandao. Mimi naona kinatudai tuifikirie upya kauli tunayoirudia bila kuipima, kwamba watu wa kijijini husaidiana.

Husaidiana, ndiyo, lakini msaada hauenei kijijini kama harufu ya chakula jioni. Unapita kwenye mistari, kutoka nyumba hii hadi ile, na pasipo mstari haupiti. Anayehesabu watu, mashamba, mabati na mifugo hupata picha ya kijiji isiyoonyesha mistari hiyo hata mmoja. Anaweza kukuta wajane wawili wenye umri sawa, ekari sawa na watoto sawa, akawaandika katika kundi moja, ilhali mmoja ana kaya 15 za kukimbilia na mwenzake ana mbili. Kwenye karatasi ni watu walewale. Siku mtoto akilazwa hospitali ndipo tofauti yao inapojitokeza.

Ramani hiyohiyo ina upande wa pili, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ukianza kwenye nyumba yoyote ya Nyakatoke na kufuata mistari, utafika nyumba nyingine yoyote. Hakuna kaya iliyokatika kabisa. Jozi 490 ziko umbali wa hatua moja. Jozi 2,666 ziko hatua mbili, yaani zina rafiki au ndugu mmoja wa katikati. Jozi 3,298 ziko hatua tatu, 557 hatua nne, na 10 tu ndizo zilizofikia hatua tano. Kwa maneno mengine, zaidi ya jozi tisa katika kila kumi zimo ndani ya hatua tatu. Kijiji ambacho asilimia 93 ya jozi zake hazina uhusiano wa moja kwa moja ni kijiji hichohicho ambacho karibu kila mtu yuko jirani na kila mtu kwa kupitia wengine. Mambo hayo mawili hayapingani. Yanaonyesha kwamba mtandao mmoja unaweza kuwa mfupi sana kwa kitu kimoja na mrefu mno kwa kingine, kwa kutegemea kile kinachopita ndani yake.

Habari haimpunguzii kitu anayeitoa. Ukiniambia kwamba fulani anaumwa, bado unaijua habari hiyo, nami nitampa wa tatu, naye wa nne, na kabla jua halijatua kijiji kizima kimejua. Fedha, debe la maharage na siku ya kulima shamba la mwenzio haviko hivyo. Anayetoa hupungukiwa, kwa hiyo humpa yule aliye hatua moja kutoka kwake, ambaye kesho atamrudishia au ambaye wazazi wao walilelewa pamoja. Ni nadra mtu kutoa sehemu ya akiba yake kwa rafiki wa rafiki wa shemeji. Kwa hiyo hatua tatu, ambazo kwa habari si kitu, kwa msaada ni mbali mno. Hoja yangu yote katika makala haya inasimama hapo: kijiji kinajua kuliko kinavyoweza kutoa, na sera zetu mara nyingi hukosea kwa kudhani kwamba kujua na kutoa hufika pamoja.

Ushahidi wa hili hauko Kagera pekee. Dunia nzima inaukumbuka utafiti wa Stanley Milgram wa Marekani uliotangazwa mwaka 1967, ambamo watu waliombwa kufikisha bahasha kwa mtu wasiyemjua kupitia watu wanaofahamiana nao. Kinachokumbukwa ni kwamba kati ya mwanzo na mwisho walihitajika watu watano au sita tu. Kinachosahauliwa kimo katika takwimu za toleo la mwaka 1969 aliloandika na Jeffrey Travers: katika watu 296 walioanza, bahasha zilizofika zilikuwa 64. Njia zilikuwapo, na zilikuwa fupi, lakini bahasha nyingi zilikomea njiani kwa sababu mtu mmoja hakuona haja ya kuipeleka mbele. Ikiwa bahasha isiyomgharimu mtu chochote ila muda mchache hupotea hivyo, ada ya shule itafikaje hatua tatu?

Miaka michache baadaye, 1973, Mark Granovetter alionyesha jambo linalokamilisha picha. Alipowauliza watu wa mji wa Newton, jimbo la Massachusetts, waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, aligundua kuwa walioambiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara hawakufika hata asilimia 17. Wengi waliambiwa na mtu wanayekutana naye mara mojamoja au kwa nadra. Sababu yake ni ya kimantiki. Marafiki zangu wa karibu wanajuana wao kwa wao, kwa hiyo wanayoyajua ndiyo ninayoyajua. Yule ninayesalimiana naye stendi anaishi katika duara jingine na analeta yasiyosikika kwangu. Uhusiano mwepesi hubeba habari. Uhusiano mzito hubeba mzigo. Nyakatoke nayo ina dalili ya maduara hayo: ukichukua kaya mbili zenye rafiki mmoja wa pamoja, uwezekano wa wao wenyewe kuwa na uhusiano ni karibu mara tatu ya ule wa jozi yoyote ya kubahatisha.

Basi ni nani aliye na mistari michache? Jibu la De Weerdt linaumiza. Undugu, ukaribu wa nyumba, ukoo, dini, marafiki wa pamoja na mali ndivyo vilivyoamua nani ataunganishwa na nani, na kaya maskini zilikuwa na mitandao hafifu kuliko kaya zenye uwezo. Yaani anayehitaji zaidi kukimbilia kwa mtu ndiye mwenye milango michache ya kubisha. Kufaana ni kupeana kwa zamu, na asiye na cha kutoa zamu yake ikifika huanza kuachwa nje, mara nyingi bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Anayesema kwamba serikali haina haja ya kujitwika mzigo wa maskini kwa kuwa jamii ya Kiafrika ina utaratibu wake wa kulea wanyonge, aitazame ramani hii. Utaratibu upo na ni wa kuheshimiwa. Vyama vya kuzikana vya Nyakatoke vimeandikiwa tafiti kwa jinsi vinavyojiendesha kwa kanuni na michango. Lakini utaratibu huo unamlinda zaidi yule aliyekwisha kuwa ndani yake.

Pingamizi la kwanza ni la haki: je, watu husema kweli wanapoulizwa nani rafiki yao? Katika mistari ile 490 ya Nyakatoke, ni 140 tu iliyotajwa na pande zote mbili. Mingine 350 ilitajwa na upande mmoja, mwingine ukakaa kimya. Huenda wengine walisahau, wengine waliona haya kujitaja kuwa wategemezi, na wengine walimtaja tajiri wanayemtumaini ilhali tajiri mwenyewe hana habari nao. Data za mitandao zina kasoro hii kila mahali na mchambuzi makini huisema wazi. Hata hivyo kasoro hiyo haiiangushi hoja, inaitia nguvu. Hesabu ya 490 ndiyo hesabu ya ukarimu, inayokubali kila neno la kila mtu. Tukidai pande zote zikubaliane, msongamano unashuka kutoka asilimia 7 hadi 2.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 2000 Nyakatoke haikuwa na pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na leo mtoto aliye Mwanza au Dar es Salaam humtumia mama yake fedha kabla dawa haijaandikwa. Je, hilo halikuibadilisha ramani? Limeibadilisha sana. William Jack na Tavneet Suri, katika utafiti wao wa Kenya uliochapishwa mwaka 2014, walikuta kwamba kaya zisizotumia M-Pesa zikipatwa na msiba wa kiuchumi matumizi yao hushuka kwa takriban asilimia 7, lakini kaya zinazoitumia hazishuki, kwa kuwa hupokea fedha zaidi na kutoka kwa watu wa aina nyingi zaidi. Sina sababu ya kulipunguza tokeo hilo. Ni miongoni mwa habari njema kubwa za uchumi wa Afrika Mashariki katika karne hii. Ila simu huurefusha mstari uliopo. Aliye na kaka mjini sasa anafikiwa kwa dakika moja, na asiye na kaka anabaki na simu isiyolia. Inawezekana kabisa kwamba pengo kati ya hao wawili limepanuka.

Wapo pia watakaouliza kama kuchora ramani za namna hii si kuwachungulia watu. Hofu hiyo ni ya kweli na imeshathibitika. Kampuni za mikopo ya simu zilijifunza mapema kwamba orodha ya namba ndani ya simu ya mtu ni mtandao wake, zikaanza kuwapigia ndugu na waajiri wa wadaiwa ili kuwaaibisha, hadi Benki Kuu ya Kenya ikaweka kanuni za mwaka 2022 za kuwabana watoa mikopo hao, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Ramani ya uhusiano ina nguvu, na kila chenye nguvu huwaniwa na mikono mibaya. Kwa maoni yangu majina hayapaswi kutoka nje ya kijiji yalikokusanywa, na mara nyingi hakuna hata haja ya kuyaandika yote.

Maana utafiti wa India uliofanywa na Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao, na kuchapishwa mwaka 2019, umeonyesha njia nyepesi. Badala ya kuchora mtandao mzima, wanakijiji waliulizwa tu: mkitaka jambo lijulikane na watu wote, mngemwambia nani? Waliotajwa walieneza habari vizuri kuliko watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na katika jimbo la Haryana watoto wengi zaidi walipelekwa kuchanjwa pale watu wa aina hiyo walipopewa kazi ya kukumbusha. Wanakijiji wanazijua njia za mtandao wao bila kuwahi kuiona ramani yake.

Hapa Tanzania, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) tayari unakitumia kijiji kwa kile ambacho kinakiweza: mkutano wa hadhara hutaja kaya maskini, kisha dodoso hupima hali zao. Dodoso hilo huuliza nyumba imejengwa kwa nini na kaya ina mali gani. Liongezewe swali moja, ambalo afisa anaweza kuliuliza kwa nusu dakika na kuandika namba tu bila jina lolote: ukipatwa na shida usiku wa leo, kuna kaya ngapi unazoweza kuziendea? Atakayejibu kwamba hana hata moja apewe uzito unaolingana na jibu hilo, hata kama paa lake ni la bati.